Zimwi Lisilo na Paukwa: Makisio ya Mashabiki na Uhamishaji wa Viumbe wa Kutisha kutoka Mtandaoni hadi kwenye Filamu

Utangulizi

Mtambaji wa ngano katika pwani yetu haanzi kusimulia kabla ya kuifungua hadithi kwa fomula maalumu. Husema "Paukwa!" nayo hadhira humjibu "Pakawa!"; au pengine wasikilizaji huitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tumezoea kuieleza fomula hii kama mbinu ya kuvuta makini ya hadhira na kuitenga hadithi na mazungumzo ya kawaida. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha jambo moja lenye uzito: ni hadhira yenyewe inayoualika uongo. Zimwi linapojitokeza baadaye na kuanza kula watu, kila aliyeketi pale ameshakiri kwa kinywa chake kwamba limekuja kwa idhini yake, na kwamba litaondoka hadithi itakapofungwa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza tawi la fasihi ya kutisha ambalo limeiondoa idhini hiyo kwa makusudi. Tunarejelea viumbe wa kubuni waliozaliwa katika mtandao wa intaneti nchini Marekani tangu mwaka 2009, wakakuzwa na makisio ya mashabiki, kisha wakahamishiwa kwenye filamu na runinga. Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini filamu za aina hii huwachukiza mashabiki wale wale waliozisubiri kwa hamu. Jibu la kawaida ni kwamba filamu humwonyesha kiumbe waziwazi, na kwamba hofu hufa pindi kisichojulikana kinapojulikana. H. P. Lovecraft aliitetea hoja ya namna hiyo katika insha yake ya mwaka 1927, naye ana wafuasi hadi leo.

Sisi tunaona kwamba jibu hilo halitoshi. Tutajaribu kuonyesha kwamba kinachoamua uhai wa kiumbe huyu ni aina ya makisio ambayo filamu imeyarithi kutoka kwa mashabiki, wala si suala la kuonekana au kufichwa kwake. Aidha, tutadai kwamba tofauti baina ya aina hizo za makisio ina uzito wa kimaadili ambao uhakiki hauwezi kuukwepa.

Kiumbe na kufutwa kwa mlango wa hadithi

Mfano ulio bora ni wa Slender Man. Mnamo tarehe 10 Juni 2009, katika mjadala wa tovuti ya Something Awful ambapo washiriki walishindana kutengeneza picha bandia za mambo ya ajabu, Eric Knudsen, kwa jina la kubuni Victor Surge, alitoa picha mbili za watoto. Nyuma ya watoto hao alionekana mtu mrefu kupita kiasi, mwembamba, aliyevaa suti nyeusi, asiye na uso. Picha ziliambatana na maelezo mafupi yaliyoandikwa kwa mtindo wa kumbukumbu za ofisi, yakidai kwamba zilipigwa katika miaka ya 1980 na kudokeza kwamba waliohusika walitoweka au walikufa.

Yafaa tutue hapa kidogo. Slender Man alionekana tangu siku ya kwanza. Hakuwahi kuwa kiumbe aliyefichwa. Kwa hiyo, nadharia kwamba kuonekana ndiko kunakoua hofu inakwama mwanzoni kabisa. Lililofichwa lilikuwa jambo jingine, nalo ni hali ya maneno yenyewe. Msomaji aliyeikuta picha hiyo nje ya mjadala ule hakuelezwa kama alikuwa akisoma hadithi au taarifa. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, aliuweka msingi wa utanzu huo katika kusitasita: msomaji hajui kama tukio lina maelezo ya kimaumbile au ni la kimiujiza. Katika kazi tunazozijadili kusitasita kumehamia mahali pengine. Msomaji anasitasita baina ya tanzu mbili za usemi, hekaya na habari. Paukwa imefutwa, na kufutwa huko ndiko fani yenyewe.

Mbinu hiyo inaonekana pia katika Candle Cove, hadithi fupi ya Kris Straub ya mwaka 2009. Hadithi hii haina msimulizi. Imeundwa kwa mazungumzo ya watu wazima wanaokumbushana kipindi cha vikaragosi walichokitazama utotoni. Kila mmoja anaongeza kumbukumbu moja, na kila kumbukumbu inaogofya kuliko iliyotangulia, hadi mmoja wao anaposimulia alivyomuuliza mama yake kuhusu kipindi hicho. Mama alimweleza kwamba alikuwa akikaa mbele ya runinga isiyoonyesha picha yoyote, mikwaruzo mitupu. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, ufundi wa Straub hauhitaji maelezo marefu. Ameuchukua uwanja wa utendaji, akamwondoa fanani, akaiacha hadhira ikijitambia yenyewe.

Aina tatu za makisio

Baada ya kiumbe kutolewa bila mlango, mashabiki huingia kazini. Henry Jenkins alikwisha kuonyesha mnamo mwaka 1992 kwamba shabiki si mlaji tu wa kazi ya sanaa. Yeye huvuna kutoka shamba la mwingine na kupika chakula chake. Hali ya viumbe wa mtandaoni inakwenda mbele zaidi, kwa sababu hapa shamba lenyewe halina uzio wala mwenye kujulikana na wote. Makisio ndiyo matini. Ili tuyachambue, tunapendekeza kuyagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni makisio ya asili: kiumbe huyu ametoka wapi na tangu lini? Mashabiki wa Slender Man walimbunia historia ndefu iliyorudi nyuma hadi Ulaya ya karne zilizopita. Wengine walishikilia kwamba yupo kwa sababu wengi wanamfikiria, yaani mawazo ya umati yamempa mwili. Dhana hii ya pili inavutia, kwani kwa hakika inaeleza jinsi mhusika huyu alivyoundwa. Shabiki anakisia kuhusu kiumbe, kumbe anaieleza kazi yake mwenyewe.

Fungu la pili ni makisio ya kanuni: kiumbe anafanya nini, anazuiwa na nini, anawatendea vipi wanaomwona? Mchezo wa kompyuta Slender: The Eight Pages uliotolewa mwaka 2012 ulizipa kanuni hizo umbo la kiufundi. Mchezaji hukusanya kurasa nane gizani, na akimtazama kiumbe kwa muda mrefu hushindwa. Fungu hili ndilo lililokuja na fikra ya watumishi, yaani binadamu wanaotenda kwa niaba ya Slender Man, na ile ya jumba lake msituni. Picha mbili za Knudsen hazikuwa na lolote kati ya hayo.

Fungu la tatu ni makisio ya ushahidi. Hapa shabiki haulizi kiumbe ni nani bali anauliza kilichopo mbele yake ni nini: picha hii imetoka wapi, nani aliikata kanda hii, kwa nini sauti imepotea sekunde hii? Marble Hornets, mfululizo wa video ulioanzishwa na Troy Wagner na Joseph DeLage mwezi Juni 2009 na kukamilika Juni 2014, ulijengwa juu ya makisio haya. Kijana anazichunguza kanda za filamu ambayo rafiki yake aliiacha bila kuikamilisha. Kiumbe anapokaribia, picha hukatika na sauti huharibika. Mfululizo huo ulikwisha bila kueleza kiumbe huyo anataka nini, na watazamaji walibaki wakichunguza fremu moja baada ya nyingine.

Mtu anaweza kupinga kwamba mafungu haya huingiliana. Ni kweli, wala hatudai kwamba kuna ukuta baina yake. Hata hivyo matokeo yake hutofautiana. Makisio ya ushahidi huliacha pengo wazi na kumfanya mtazamaji awe macho zaidi. Makisio ya kanuni hulijaza pengo, na kadiri yanavyoongezeka ndivyo kiumbe anavyogeuka kuwa mnyama wa porini mwenye tabia zinazojulikana.

Methali yetu husema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kawaida tunaitumia kuhimiza kukaa na jamaa hata wawe na ubaya wao. Lakini tukiitazama kwa jicho la fasihi ya kutisha, mwelekeo wa kujua ndani yake una maana. Zimwi ndilo linalojua. Mwanadamu ndiye anayejulikana. Slender Man wa mwaka 2009 alitisha kwa sababu alionekana kuwajua watoto wale hali wao hawakugeuka kumtazama. Makisio ya kanuni yanaupindua uhusiano huo: sasa shabiki ndiye anayelijua zimwi, idadi ya mikono yake, makazi yake na masharti yake.

Mgogoro huu umejitokeza kwa uwazi katika mkusanyiko wa hadithi unaoitwa The Backrooms. Mnamo mwaka 2019 picha ya chumba kitupu chenye kuta za manjano ilitolewa mtandaoni. Mtu asiyejitaja jina aliambatisha aya moja fupi iliyoeleza harufu ya zulia lililolowa, mvumo wa taa, ukubwa usiokadirika wa vyumba hivyo, na mwishoni dokezo kwamba huenda kuna kitu humo. Dokezo hilo ndilo zimwi lote. Mashabiki walibuni ngazi baada ya ngazi na orodha ya viumbe yenye majina, tabia na njia za kujikinga nao. Haikuchukua muda mrefu kabla ya wengine kulalamika kwamba chumba kitupu kimejazwa watu kama soko, wakajitenga ili wakihifadhi chumba cha kwanza peke yake. Malalamiko hayo ni uhakiki halisi, ijapokuwa hayakuandikwa na wahakiki.

Filamu na urithi wa makisio

Tukija kwenye filamu, hatuna budi kukumbuka kwamba ukumbi wa sinema una paukwa yake. Kuna tiketi, nembo ya kampuni, majina ya waigizaji. Kusitasita baina ya hekaya na habari hakuwezi kuvuka mlango huo kwa urahisi. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 ilijaribu kuuzunguka kwa kuanzisha tovuti iliyosambaza nyaraka za kubuni kabla ya watazamaji kufika ukumbini. Mlango ulifutwa nje ya filamu. Kazi zilizofuata hazikuweza kuurudia ujanja huo kwa wepesi, maana hadhira ilikwisha kuujua. Filamu inayohamisha kiumbe wa mtandaoni inalazimika, basi, kutafuta mahali pengine pa kuweka pengo.

Filamu Slender Man ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Sylvain White, inawahusu wasichana wanne wanaomwita kiumbe kwa kutazama video. Mmoja anatoweka, na wenzake wanajaribu kumrejesha kwa kutoa vitu wanavyovithamini. Tazama jinsi msuko ulivyojengwa: kuna mwito, kuna sharti, kuna kafara. Yote hayo ni urithi wa makisio ya kanuni. Wahakiki wengi waliipokea filamu hiyo vibaya, wakilaumu uchezaji, giza la picha na msuko uliokatikakatika. Kwa maoni yetu kasoro ya msingi imo katika uteuzi. Kati ya urithi wote wa miaka tisa, filamu ilichagua fungu linalomfanya kiumbe awe mshirika wa biashara. Javier Botet, aliyemwigiza, ana umbo la kutisha kwelikweli, lakini mwili wake umepewa kazi ya kutimiza masharti.

Always Watching ya mwaka 2015, iliyotokana na Marble Hornets na kuongozwa na James Moran, inatupa funzo jingine. Ilihifadhi kamera na uharibifu wa picha, yaani vifaa vya makisio ya ushahidi. Hata hivyo mfululizo wa awali ulitolewa vipande vipande kwa takriban miaka mitano, na katika vipindi vya kungoja ndimo hadhira ilimofanyia kazi yake. Filamu ya saa moja na nusu haina vipindi hivyo. Vifaa vimehamishwa, muda wa utendaji umeachwa nyuma.

Kinyume chake, Channel Zero: Candle Cove, tamthilia ya runinga iliyobuniwa na Nick Antosca mwaka 2016, haikujaribu kuyahamisha mazungumzo ya Straub jinsi yalivyo. Ilijenga hadithi mpya ya mtu anayerudi mjini kwao kuchunguza vifo vya watoto vya miaka ya nyuma, na ikaongeza kiumbe ambaye hayumo katika matini asilia: mtoto ambaye mwili wake wote umefunikwa na meno. Kiumbe huyo anaonyeshwa mchana kweupe, na bado anatisha. Anatisha kwa sababu tamthilia haimpi kanuni zinazomwezesha mtazamaji kumzoea.

Mfano wa nne unaithibitisha hoja hiyo. Mwezi Januari 2022, Kane Parsons, kijana wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 16, alitoa filamu fupi kuhusu The Backrooms aliyoitengeneza kwa kompyuta. Kiumbe anaonekana: mwembamba, mweusi, kama waya zilizosokotwa. Anamfukuza mshika kamera. Hatuambiwi lolote kumhusu. Katika video zilizofuata, Parsons hakuongeza orodha ya wanyama bali aligeukia taasisi ya utafiti iliyoufungua mlango wa vyumba hivyo, pamoja na kanda, ripoti na mafunzo ya wafanyakazi wake. Ameyarudisha makisio kwenye ushahidi. Si ajabu kwamba mnamo mwaka 2023 ilitangazwa kwamba kampuni ya A24 ingemkabidhi uongozi wa filamu ndefu. Parsons ametoka miongoni mwa hadhira, naye anajua ni pengo lipi lisilofaa kujazwa.

Noël Carroll, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya fasihi ya kutisha, anashikilia kwamba tunalivumilia karaha la zimwi kwa sababu ya raha ya kuligundua na kulithibitisha hatua kwa hatua. Hoja yake inaonekana kuwaunga mkono wanaotaka kanuni. Lakini ikisomwa kwa makini inatuunga mkono sisi: raha anayoitaja ni ya kugundua, nayo hukoma ugunduzi unapokamilika. Mwaka 2024 mashabiki walifaulu kubainisha kwamba picha ya chumba cha manjano ilipigwa mwaka 2002 katika jengo lililokuwa likikarabatiwa mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Siri ya ushahidi ilitatuliwa, na chumba hakikupoteza utisho wake. Sababu ni kwamba swali la nani yumo ndani halikuguswa.

Zimwi lenye masharti

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo linatuzuia kuuchukulia mjadala huu kama starehe ya kitaaluma. Tarehe 31 Mei 2014, mjini Waukesha, pia katika jimbo la Wisconsin, wasichana wawili wenye umri wa miaka 12 walimdunga mwenzao kisu mara 19 msituni. Aliokoka baada ya kujikokota hadi barabarani. Wasichana hao waliwaeleza wapelelezi kwamba walitaka kuwa watumishi wa Slender Man, na walikuwa wakielekea kwenye jumba lake waliloliamini limo katika msitu wa kaskazini. Mwaka 2017 ilikubaliwa mahakamani kwamba walikuwa na maradhi ya akili wakati wa tendo hilo, wakapelekwa kwenye matibabu badala ya gereza. Filamu ya kumbukumbu ya Irene Taylor Brodsky, iliyotolewa mwaka 2016, imeyaeleza kwa utulivu.

Hatuwezi kusema kwamba hadithi ilisababisha kisu. Mamilioni walisoma hadithi zile zile wasimguse mtu, na ugonjwa haupaswi kugeuzwa kuwa tafsiri ya matini. Hata hivyo, mhakiki anaweza kuuliza ni sehemu gani ya matini iliyokuwa tayari kupokea imani ya mtoto. Jibu liko wazi. Utumishi na jumba si vya picha mbili za mwaka 2009. Vyote viwili ni mazao ya makisio ya kanuni. Zimwi lisilojulikana humkimbiza mtoto nyumbani kwao. Zimwi lililopewa masharti linaweza kutumikiwa, kuridhishwa na kufanyiwa mapatano. Na kwa kuwa hekaya hii ilikuwa imeondolewa paukwa tangu mwanzo, hapakuwa na mahali ndani yake ambapo mtoto angekumbushwa kwamba yeye ndiye aliyeualika uongo.

Kwa mintarafu hii, filamu ya mwaka 2018 inastahili lawama nzito kuliko ile ya ubovu wa picha. Miaka minne baada ya Waukesha, ilichagua kusimulia habari za wasichana wanaofanya mapatano na Slender Man msituni. Kampuni moja ya majumba ya sinema iliamua kutoionyesha katika kaunti za Milwaukee na Waukesha. Wengine waliuona uamuzi huo kuwa heshima kwa waliofikwa na msiba; nasi twakubali. Lakini kasoro hiyo ni ya kifani pia. Filamu ilikuwa na nafasi ya kuirudisha paukwa, yaani kuyafanya makisio yenyewe kuwa mada na kumwonyesha mtazamaji jinsi umati unavyotengeneza zimwi kisha ukasahau kwamba umelitengeneza. Ilikaribia kuligusa jambo hilo, kwa kuwa video inayosambaa ndiyo chanzo cha balaa katika msuko wake, ikaliacha na kushika kafara.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba viumbe wa kutisha wa mtandaoni hawaharibiwi na kuonekana. Huharibiwa na kanuni zinapoondoa pengo ambalo hadhira ililiishi. Uhakiki wa filamu za aina hii hauna budi kuuliza mambo mawili. Kwanza, kati ya makisio yote yaliyomzunguka kiumbe, filamu imerithi yapi? Pili, kwa kuwa kazi asilia ilifuta mlango wa hadithi, filamu imefanya nini kuhusu mlango huo: imeufungua, imeuziba, au imejifanya haukuwahi kuwapo?

Wanafunzi wa fasihi simulizi wana nafasi ya pekee katika uchunguzi huu. Dhana za fanani, hadhira, uwanja wa utendaji na fomula za kufungulia, ambazo tumezifundisha kwa muda mrefu kama mali ya ngano za jioni, zinaeleza utunzi huu wa Marekani kwa usahihi ambao nadharia za riwaya hazina. Wazee walioibuni fomula ya "uongo njoo" walijua kwamba zimwi ni lazima liitwe kwa jina lake, nalo ni uongo, kabla halijaruhusiwa kuingia chumbani penye watoto. Watunzi wa siku hizi wana haki ya kuifuta fomula hiyo kwa ajili ya sanaa. Anayeihamisha kazi yao kwenye filamu anawajibika kujua kwamba imefutwa.